Punda Afe Mzigo Ufike: Uongozi Wenye Sumu Katika Kampuni za Matangazo

Zipo kazi ambazo ukizitazama kwa mbali zinapendeza. Mojawapo ni kazi ya kutunga matangazo ya biashara. Kijana anayeifanya hukaa katika ofisi nzuri, huvaa apendavyo, na siku moja husikia maneno aliyoyatunga yeye yakiimbwa na watoto mtaani. Jamaa zake wakiulizwa anafanya kazi gani, hujibu kwa fahari. Lakini wengi walioingia humo wanajua mambo mengine. Wanajua ofisi ambamo mkuu anaogopwa kuliko mteja, ambamo saa ya kurudi nyumbani haijulikani, na ambamo anayekutwa alfajiri amelala juu ya meza yake husifiwa kuwa ni shujaa. Wiki hii tuzungumze juu ya jambo hilo: uongozi wenye sumu katika kampuni za ubunifu, jinsi unavyoota mizizi, jinsi unavyojificha, na jinsi ya kuutambua kabla haujadhuru.

Kwanza tuelewane. Si kila mkuu mkali ana sumu. Fundi cherehani anayemrudishia mwanafunzi wake kanzu aifumue kwa sababu mshono umepinda hamwonei, anamfundisha. Ukali wa namna hiyo una kipimo. Unahusu kazi, unaonyesha kosa liko wapi, na kosa likisharekebishwa unakwisha. Uongozi wenye sumu hauna kipimo. Kazi iliyosifiwa leo huitwa takataka kesho, na hakuna aliyeona kilichobadilika ila sura ya mkuu. Kosa halibaki kwenye kazi, linahamia kwa mtu: si tena kwamba mchoro haukufaa, bali wewe mwenyewe hufai. Na zaidi ya yote, mfanyakazi akisema kweli kwamba mzigo umemzidi, ukweli huo unahesabiwa kuwa ni kosa jipya.

Kwa nini kampuni za matangazo zinapatwa kwa urahisi na maradhi haya? Sababu ya kwanza ni kwamba kampuni hizo haziuzi sabuni wala unga. Zinauza mawazo, na mawazo hayapimwi kwa kilo. Mshona mashati akimaliza mashati 30 yanahesabika, na msimamizi hawezi kusema ni 20. Lakini ni nani atakayesema kwamba tangazo limekamilika? Ni mkuu. Akisema bado, ni bado, hata ikiwa saa nane za usiku. Pale ambapo kipimo cha kazi kimo ndani ya kichwa cha mtu mmoja, mtu huyo ana madaraka makubwa sana juu ya maisha ya wenzake.

Sababu ya pili ni mteja. Mteja akitaka kazi iwe tayari Jumatatu, mkuu anayeogopa kumkosa atakubali. Akitaka yabadilishwe yote Jumapili jioni, atakubali tena. Kukubali huko hakumgharimu mkuu kitu. Gharama yake hulipwa na kijana aliye chini kabisa, naye huilipa kwa usingizi wake.

Sababu ya tatu, na hii ndiyo inayosikitisha zaidi, ni kwamba vijana wanaipenda kazi hii. Mtu anayeipenda kazi hahitaji kusukumwa, hujisukuma mwenyewe. Mapenzi hayo ndiyo mpini anaoshikiwa. Akilalamika huambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ya kwamba nje ya mlango wamejipanga wengine wengi wanaokitaka kiti chake. Basi hunyamaza, akaona haya kwa kuchoka.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja ambao habari zake zimo katika hukumu za mahakama na katika kumbukumbu za serikali. Ni mfano wa Japani, wa kampuni kubwa kuliko zote za matangazo nchini humo, iitwayo Dentsu. Kampuni hiyo ilianzia mwaka 1901. Mwaka 1947, nchi ikiwa bado katika magofu ya vita, ilipata rais mpya aliyeitwa Hideo Yoshida. Alikuwa mtu wa bidii isiyo ya kawaida, na aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 1963. Mwaka 1951 Yoshida aliwaandikia wafanyakazi wake kanuni kumi, ambazo baadaye zilijulikana kama kanuni kumi za jini. Kati ya kanuni hizo yamo mambo ya maana: mtu ajitafutie kazi asingoje kupewa, na ashike kazi kubwa kwa kuwa kazi ndogo humfanya mtu kuwa mdogo. Lakini ya tano ilimtaka mfanyakazi akishaikamata kazi asiiachilie hata kama atauawa, mpaka lengo litimie.

Huenda mzee Yoshida alisema hivyo kwa kutia chumvi, kama makocha wanavyowaambia wachezaji wafie uwanjani. Tatizo la maneno ya wakubwa ni kwamba yakichapishwa katika kitabu na kupewa kila mwajiriwa mpya, hugeuka sheria. Alikuja mkuu aliyeyasoma kama methali, akaja mwingine aliyeyasoma kama amri. Punda afe, mzigo ufike. Naam, punda walianza kufa.

Mwezi Agosti 1991 kijana wa miaka 24 aliyekuwa katika idara ya matangazo ya redio ya kampuni hiyo alijiua. Alikuwa ameajiriwa mwaka mmoja na miezi michache tu. Alikuwa mchapa kazi, mcheshi, mtu aliyetaka kila kitu kitoke vizuri. Kazi ilikuwa imemzidi kiasi kwamba usiku mwingi hakurudi nyumbani mpaka karibu na alfajiri. Wazazi wake walifungua kesi, nayo ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Japani, ambayo ilitoa uamuzi wake mwezi Machi 2000.

Uamuzi huo unafaa kusomwa na kila mwenye watu chini yake. Mahakama ilisema mwajiri ana wajibu wa kuangalia kwamba uchovu wa kazi haujirundiki mpaka ukaharibu mwili au akili ya mfanyakazi. Kisha ikaonyesha jambo moja ambalo linatupa ufunguo wa mada yetu. Wakuu wa kijana yule hawakuwa vipofu. Walijua kwamba anakesha. Walijua kwamba saa anazoandika si saa anazofanya. Waliona afya yake inaharibika. Nao wakamwambia nini? Walimwambia ajitahidi kumaliza kazi kwa wakati, na ikiwa haijaisha, aende kulala kisha aje mapema kesho yake aimalizie. Walimpa shauri, lakini mzigo hawakuupunguza hata kidogo.

Kampuni ilikuwa imejitetea pia kwamba kijana yule kwa tabia yake alikuwa mtu wa kujitwika mno. Mahakama ilikataa utetezi huo usipunguze fidia. Ilisema kwamba watu wana tabia mbalimbali, na mwenye kuwapangia kazi anapaswa kuzijua na kuzizingatia anapogawa kazi hiyo. Mwezi Juni mwaka huo huo kampuni ilipatana na wazazi na kuwalipa zaidi ya yen milioni 160.

Mtu angedhani kwamba somo lilieleweka. La hasha. Mwaka 2013 mfanyakazi mwingine wa Dentsu, mwanamume wa miaka 30, alifariki kwa maradhi, na serikali ilikiri baadaye kwamba kifo chake kilitokana na kazi kupita kiasi. Wajapani wana neno lake maalumu, karoshi, maana yake kufa kwa kazi. Kisha ikaja siku ya Krismasi ya mwaka 2015.

Siku hiyo alijiua binti wa miaka 24, umri ule ule wa kijana wa mwaka 1991, katika kampuni ile ile, miaka 24 baadaye. Binti huyu alikuwa amemaliza Chuo Kikuu cha Tokyo, chuo kinachoheshimiwa kuliko vyote nchini humo, na kuanza kazi mwezi Aprili 2015 katika idara ya matangazo ya intaneti. Mwezi Oktoba idara yao ilipunguzwa kutoka watu 14 kufikia 6, lakini kazi haikupunguzwa. Ofisi ya serikali ya kusimamia kazi ilipochunguza, iligundua kwamba katika siku 30 kati ya Oktoba na Novemba alifanya saa za ziada zipatazo 105, yaani juu ya saa zake za kawaida.

Hebu tutazame jambo moja hapa, maana ndipo sumu ilipojificha. Kwa makubaliano ya kampuni na wafanyakazi, saa za ziada hazikutakiwa kupita 70 kwa mwezi. Sasa, karatasi za binti yule zilionyesha nini? Oktoba saa 69.9. Novemba saa 69.5. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa safi, chini ya mstari kwa dakika chache tu. Ukweli ulikutwa mahali pengine, kwenye kumbukumbu za malango ya jengo la ofisi, yaliyokuwa yakiandika saa aliyoingia na saa aliyotoka. Lango lilisema kweli, karatasi ikasema uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeumbuliwa na kifo ni mkuu aliyependa kuona tarakimu nzuri.

Na maneno aliyokuwa akiambiwa? Binti huyo aliyaeleza mwenyewe kwenye mtandao wa Twitter, kwa hiyo hatuhitaji kukisia. Aliandika kwamba bosi wake alimwambia saa zake za ziada ni hasara tupu kwa kampuni. Aliandika kwamba alikaripiwa kwa kuonyesha uso wa usingizi mkutanoni, na kwa kuja kazini na nywele zisizochanwa na macho mekundu. Tafakari hapo, ndugu msikilizaji. Wanaomnyima usingizi ndio hao hao wanaomlaumu kwa kusinzia. Hiyo ndiyo alama ya uongozi wenye sumu: unamjeruhi mtu, kisha unamshitaki kwa kuvuja damu.

Mwezi Septemba 2016 serikali ilitamka rasmi kwamba kifo kile kilisababishwa na kazi. Mama yake hakukubali jambo hilo lizikwe kimya, alijitokeza hadharani. Oktoba wakaguzi waliingia ofisini, Novemba wakarudi kwa upekuzi. Kampuni ikaanza kuzima taa zake saa nne usiku. Desemba rais wake, Tadashi Ishii, alitangaza kwamba angejiuzulu, na zile kanuni kumi za mwaka 1951 zikaamuliwa kuondolewa katika kitabu cha wafanyakazi. Mwezi Oktoba 2017 mahakama mjini Tokyo iliitia kampuni hatiani kwa kuwafanyisha wafanyakazi wanne kazi kupita kiasi cha sheria. Faini ilikuwa yen 500,000, fedha zisizofika dola 4,500 za Marekani. Wakuu waliohusika hawakushtakiwa mmoja mmoja.

Bunge la Japani nalo lilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika Aprili 2019 kwa kampuni kubwa. Kawaida saa za ziada zisipite 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na hata kwa dharura zisifike 100 kwa mwezi. Hata hivyo mwezi Septemba 2019 ofisi ya kazi ilibidi iionye tena Dentsu kwa makosa yaliyofanyika mwaka 2018, yaani baada ya kesi, baada ya faini, na baada ya taa kuzimwa. Ofisini mtu anaweza kuzimiwa taa, akabeba kazi akaenda kuimalizia nyumbani au mkahawani. Kuzima taa hakupunguzi mzigo.

Wapo watakaosema kwamba ni ukali huo huo ulioifanya kampuni ile kuwa kubwa. Watasema biashara si harusi, na mteja hangoji. Hoja hii ina kaukweli kidogo, maana hakuna kazi nzuri isiyo na jasho. Lakini tutazame hesabu yenyewe. Mwezi Septemba 2016, mwezi ule ule serikali ilipotamka juu ya kifo cha binti yule, Dentsu iliungama hadharani kwamba katika matangazo ya intaneti ilikuwa imewatoza wateja isivyo halali. Matangazo mengine hayakuwekwa katika muda uliokubaliwa, na baadhi yalilipiwa ilhali hayakutoka kabisa. Viongozi wa kampuni wenyewe walikiri kwamba eneo hilo la kazi lilikuwa na upungufu wa watu.

Mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati mbaya. Pale ambapo mtu hawezi kumwambia mkuu kwamba kazi haijakamilika, ataandika kwamba imekamilika. Aliyefundishwa kuandika saa 69.9 badala ya 105 amekwisha kufundishwa kudanganya kwa tarakimu. Leo anadanganya juu ya usingizi wake, kesho atadanganya juu ya fedha za mteja. Mkuu anayetisha watu hapati kazi nyingi zaidi; anapata habari njema nyingi zaidi, nyingi zikiwa za uongo. Naye ndiye wa mwisho kujua nyumba inaungua.

Sasa tuje kwetu. Miji yetu nayo ina kampuni za matangazo, studio za kupiga picha za video, ofisi za wachoraji na watunzi. Nyingi ni ndogo, za watu watano au kumi, na mwenye kampuni ndiye mtunzi mkuu, ndiye mhasibu, ndiye hakimu. Hakuna idara ya utumishi ya kukimbilia. Ukigombana naye umegombana na kampuni nzima. Kwa hiyo ni vizuri kujua sheria inasema nini, maana sheria haijali kama kazi yako ni ya kuchora au ya kubeba magunia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, si kwa amri, nayo isipite saa 50 katika kila wiki nne, na ilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Vipimo hivyo haviwahusu wasimamizi walio karibu na uongozi wa juu. Lakini kijana anayechora na kuandika vinamhusu. Zile saa 105 za Tokyo zingekuwa hapa zimepita kiwango kwa mbali.

Kuna kifungu kingine ambacho wengi hawakijui. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Sheria inalijua hilo pia. Mwajiri akiifanya kazi isivumilike mpaka mtu akalazimika kujiuzulu, sheria inaweza kuhesabu kwamba ameachishwa kazi, ingawa barua ya kujiuzulu ameiandika kwa mkono wake. Mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa malalamiko ya kuachishwa kazi inatakiwa uugonge ndani ya siku 30. Wengi hukaa nyumbani wakiuguza moyo mpaka siku hizo zinapita.

Kwa hiyo kijana uliyemo katika hali hii, la kwanza ni kuandika. Weka daftari lako. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, nani alikuagiza nini, na siku gani. Usikubali mtu mwingine akuandikie saa zako, wala usizipunguze mwenyewe ili upendeze. Daftari hilo ndilo lango lako litakalosema kweli siku karatasi ya ofisi itakaposema uongo. La pili, usikae peke yako. Sumu ya namna hii hufanya kazi yake vizuri zaidi pale kila mmoja anapodhani ni yeye tu asiyefaa. Zungumza na wenzako na utakuta wote mnaumwa ugonjwa mmoja. Na la tatu, usingizi ukikukimbia, chakula kikikosa ladha, na ukaanza kuona heri usiwepo, hilo si jambo la kuvumilia kiume au kike. Mwambie mzazi, ndugu au rafiki siku hiyo hiyo, na umwone daktari. Kazi hupatikana nyingine.

Na wewe uliye mkuu, usijitetee upesi kwamba hujawahi kumtukana mtu. Wale wakuu wa mwaka 1991 walimwambia kijana wao aende kulala, na kwa masikio yao walijiona wana huruma. Kipimo si sauti yako ni ya upole au ya ukali. Kipimo ni hiki: mtu wako alipokuja mara ya mwisho kukwambia kwamba hawezi kumaliza, ulifanya nini? Ulimwongezea msaidizi? Ulimpigia mteja kuomba siku mbili? Uliondoa kazi moja mezani pake? Au ulimpa maneno ya kumtia moyo ukamrudisha pale pale kwenye rundo lile lile? Na ikiwa hajaja mtu kukwambia hivyo kwa muda mrefu, usifurahi haraka. Yawezekana mambo ni shwari. Yawezekana pia kwamba wamekwisha kujua kuwa kukwambia hakufai kitu.

Tangazo zuri husahaulika baada ya msimu mmoja. Mteja atataka jingine, na jingine baada ya hilo. Lakini mama aliyekuwa akingoja simu ya mwanawe siku ya Krismasi hana msimu mwingine wa kungoja. Mzigo ukizidi, dawa yake si kumpiga punda wala kumwimbia nyimbo. Ni kushusha gunia moja.